Nzuri za Soko, Mbaya za Nyumbani

8 Septemba, Jumapili

Yaya Anaclet, kaka yangu, ameteremka kutoka Mongbwalu leo, juu ya lori la mbao, bila kutuarifu. Nilikuwa nafua sare za Joëlle na Vanessa, binti zake, ninaoishi nao hapa Mudzipela, mjini Bunia, tangu mama yao alipofariki. Vanessa ndiye aliyemwona kwanza langoni. Akaniuliza, "Tantine, ule muzee njo nani?"

Ule mzee ni baba yake. Amenipita miaka mitatu tu, na mimi mwenyewe bado najiona msichana siku ambazo magoti hayaumi.

Uso umekauka, mikono imekauka, tumbo peke yake limenawiri. Nikamwambia, "Yaya, ile mimba iko ya miezi ngapi?" Kwetu mtu hutaniwa kwanza, habari huulizwa baadaye. Alicheka, halafu akashika upande wa kulia chini ya mbavu na kicheko kikakatika.

Anasema ni uchovu wa shimo. Amechimba dhahabu miaka mingi, kweli, lakini uchovu wa shimo haugeuzi macho kuwa manjano. Nilimchemshia maji ya kuoga.

9 Septemba

Mvua. Shule. Yaya amelala mchana kutwa.

10 Septemba

Mvua. Vilevile.

14 Septemba

Wamempiga eko, ile picha ya ndani ya tumbo, hapa mjini. Kijana aliyekuwa anazungusha kile chombo tumboni alikuwa anapiga soga mpaka alipofika kwenye ini. Hapo akanyamaza, na tulipotoka akaanza kuniita Mama kwa sauti ya chini. Mtu wa hospitali akikupandisha cheo ghafla, ujue mambo yameharibika. Kuna kitu kwenye ini, na ni kikubwa. Wanasema twende Nyankunde, kwa daktari anayeyajua haya.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nimechora ini ubaoni mara nyingi kuliko nilivyochora kitu kingine chochote maishani. Leo nimeitazama ile picha ya kijivu nikaona mawingu tu.

20 Septemba, Ijumaa

Tumerudi kutoka Nyankunde, matope hadi magotini. Nimechoka lakini nisipoandika sasa nitaanza kujidanganya kwamba sikusikia vizuri.

Daktari Yves ni mtu mpole, wa makamo, anauliza maswali kama mtu anayepanga kuni. Alianza na pombe.

"Papa Anaclet, unakunywaka?"

"Kidogo, Docteur."

Nikakohoa.

"Mingi kidogo," Yaya akasema.

Akamuuliza kuhusu mashimo, kuhusu sindano, kuhusu homa za zamani. Damu ilikuwa imeshapimwa: kuna virusi vya ini, vile vya B, pengine tangu utotoni, vimekaa kimya miaka yote hiyo. Nilidhani maswali yameisha. Kumbe.

"Na karanga, munakulaka?"

Yaya akacheka. "Docteur, siye batu ya Mahagi! Karanga njo maisha."

"Munazikaushia wapi?"

"Pa udongo, mbele ya nyumba. Mvua ikikuja tunaingiza ndani, ikiisha tunatosha inje tena."

"Na zenye kuoza?"

"Haziozi, Docteur, zinageuka rangi tu. Mama anachambua. Zile nzuri anapeleka ku soko. Zile mbaya anatwanga, siye tunakula na sombe. Kwa Mama chakula hakitupwi."

Alisema hivyo kwa majivuno, kama mtu anayemsifia mama yake na kisamvu chake mbele ya mgeni. Daktari aliweka kalamu chini. Nami hapo hapo nikaelewa, na nikaona aibu kwamba sikuelewa mapema, maana hayo ndiyo ninayofundisha.

Karanga iliyolowa inaota ukungu, na ukungu huo una sumu yake. Vitabu vinaiita aflatoksini. Ukiikaanga haifi, ukiichemsha haifi. Inakwenda moja kwa moja kwenye ini. Sasa ini lina vimeng'enya vyake vya kupambana na sumu. Mimi huwaambia wanafunzi ni kama wale akina mama wanaofagia soko jioni: hakuna anayewashukuru, lakini wasipofagia siku chache tu mji hauingiliki. Uchafu wa siku moja wanauweza. Ila ukiwamwagia uchafu kila siku tangu utotoni, na virusi navyo vinawapiga wafagiaji wenyewe, itafika siku uchafu unabaki pale pale, unachoma seli, na seli moja inaharibika akili, na hapo ndipo kansa inapoanza. Daktari Yves alisema hivyo hivyo kwa maneno mengine. Karanga peke yake ni mbaya, virusi peke yake ni vibaya, vikikutana ni vibaya zaidi. Kupasua hakuwezekani tena, hata angepelekwa Kampala. Ametupa dawa ya maumivu na ya kupunguza maji tumboni.

Njiani, tulipoanza kuiona Bunia, Yaya alinishika mkono. Hapo akasema, "Domi, Mama asijue."

"Asijue uko mugonjwa?"

"Ule atajua. Asijue ya karanga. Miye nitalala. Yeye njo atabakia anaamuka kila asubui na ile kintu mu kichwa."

Nikaahidi. Nilikuwa nimechoka, ningeahidi chochote.

Baada ya kufika ndipo nilipolikumbuka debe. Kila baada ya mavuno Mama anatutumia debe la karanga zilizosagwa, na la mwaka huu liko jikoni kwangu, nusu limeliwa. Joëlle na Vanessa walikula jana. Walikula juzi.

21 Septemba

Nimelimwaga chooni. Nilipogeuka, Joëlle alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo ya maji. Ana miaka kumi na miwili na haulizi maswali, anayaweka tu.

26 Septemba

Wasichana wamepimwa, nami pia. Hatuna virusi. Wameanza chanjo. Namshukuru Mungu kwa sauti kubwa, jirani amedhani nimepokea mshahara.

3 Oktoba

Sébastien amekuja. Anafundisha fizikia darasa la pili kutoka langu, na saa za mapumziko anauza vidonge vya kampuni fulani kutoka mbali, kopo la kijani lenye picha ya jani. Simpendi. Ana tabasamu la mtu anayekupimia nguo.

"Madame Domitille, nimesikia juu ya Yaya. Hii ni antioxydant. Inaosha ini."

Nikamwambia ini si sufuria. Nikamwambia kinachohitajika ni kimeng'enya kilicho ndani ya seli zenyewe, mwili unakitengeneza mwenyewe, na katika ini lenye kansa kinapungua. Ukikimeza kwa kidonge, tumbo litakisaga kama nyama nyingine yoyote. Nilisema kwa ukali, kama vile yeye ndiye aliyeileta kansa.

"Weye unapenda kubishana, collègue," akasema, hakukasirika hata kidogo.

Yaya aliyekuwa amelala kwenye mkeka akanyoosha mkono, akameza kimoja kwa chai, akamshukuru. Sébastien alipoondoka nikamuuliza kwa nini. "Amekuja na miguu mu mvua," akasema. "Angerudia na kopo yake?"

6 Oktoba

Mvua. Umeme hakuna.

10 Oktoba, Alhamisi

Leo nimefundisha katalasi, kimojawapo cha vile vimeng'enya vinavyovunja sumu ndani ya ini. Shule haina maabara, ina chumba chenye kufuli. Nilinunua kipande cha maini ya mbuzi sokoni na chupa ya maji ya oksijeni, yale ya kusafishia vidonda. Ukitumbukiza ini bichi humo, linatoa povu mpaka linafurika. Ukitumbukiza lililochemshwa, kimya. Vijana walipiga kelele, "Madame, inachemka!" na mkuu wa shule alikuja kuangalia kama kuna vita.

Nyumbani Yaya alikuwa barazani, amefunikwa kitenge. Vanessa alikuwa ameshamsimulia kabla sijaweka mkoba chini. Watoto wa Bunia wanapata habari haraka kuliko redio. "Fanya na siye tuone," akasema. Kipande kilikuwa kimebaki. Nilifanya kwenye bilauri ya chai. Povu lilipanda, likamwagika mezani, wasichana wakashangilia. Yaya aliitazama ile bilauri kama anavyotazama mchanga uliooshwa.

"Ile povu ni nini?"

"Ni ini iko natumika kazi yake. Hii dawa ni sumu. Hata mwili yetu inaifanyaka kidogo kidogo kila siku. Ndani ya ini kuko kintu inaivunja, inabakia maji na hewa."

"Hata mbuzi imekwisha kufa?"

"Hata imekufa. Kazi inaendelea kwanza."

Akagusa upande wake wa kulia chini ya mbavu. "Na ya kwangu? Ingetoa povu?"

Ningeweza kumdanganya. Wasichana walikuwa wamekimbilia jikoni kutafuta kitu kingine cha kutumbukiza.

"Fasi ile kintu iko, kidogo," nikasema. "Kidogo sana. Fasi ingine ingetoa."

"Kumbe kuko fasi ingine bado inatumika," akasema. Ilimfurahisha, sijui kwa nini. Alirudia neno hilo kwa Sébastien alipopita jioni. Mimi nilienda kuosha bilauri na kulia.

13 Oktoba, Jumapili

Mama yetu, Elisabeth, amewasili kutoka Mahagi baada ya siku mbili za njia na vizuizi vya askari. Ana gunia begani na debe jipya kichwani. Hakuketi. Alimshika Yaya tumbo, akamshika miguu iliyovimba, akasema, "Mutoto akigonjwa anakula chakula ya mama yake," akaingia jikoni.

Nilikaa barazani nikisikia kinu. Ni sauti ninayoipenda kuliko zote duniani. Leo nilitamani nisiwe na masikio.

Jioni sahani zilipofika nilisema nimeshiba. Mama akanitazama.

"Unashiba nini? Hewa?"

"Nilikula ku shule, Mama."

"Sasa unaringa. Karanga nzuri zilikusomesha kwa masista, Domitille. Miye na ndugu yako tulibakia na zile mbaya, na hatukukufa."

Alisema kwa utani, na Yaya alicheka kwa ajili yake. Kisha akanitazama juu ya kichwa cha Mama. Mimi nililala bweni tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja, nikila maharage ya masista na kulalamika. Yeye alibaki nyumbani, akala zile zilizobaki, ili zile nzuri zigeuke daftari na viatu vyangu. Ndiyo maana mimi najua jina la ile sumu na yeye anayo tumboni. Sina mtu wa kumkasirikia. Ingekuwa rahisi kidogo kama ningekuwa naye.

14 Oktoba

Nimeamka kabla ya Mama nikawalisha wasichana uji, washibe kabla ya karanga.

15 Oktoba

Vilevile. Mvua.

16 Oktoba

Vilevile. Vanessa ananung'unika. Nimemwambia anyamaze ale.

27 Oktoba

Njia ya mwongo ni fupi. Nilimwambia Mama kwamba daktari amewakataza watoto karanga kwa sababu wana minyoo. Basi Mama akatafuta majani yake, akachemsha dawa chungu, akawanywesha vikombe viwili viwili. Vanessa ametapika hadi kwenye viatu vya Sébastien. Sasa Mama anasema minyoo imeonekana, dawa imefanya kazi, na kesho watoto watakula karanga.

Amewaambia pia majirani kwamba binti yake anamwonea kinyaa. Mama Clémence wa ng'ambo ya njia alinisimamisha ili anikumbushe amri ya nne, ya kuwaheshimu wazazi. Nilimwambia asante.

Nimemchunguza Mama leo akichambua. Anakaa chini, miguu ameinyoosha, ungo mapajani. Vidole vyake havihitaji macho: nzuri kulia, mbaya kushoto. Zilizosinyaa, zenye vumbi la kijani, zilizoliwa na wadudu, zote kushoto, kwa ajili yetu. Na nimeona kitu ambacho sikuwahi kukiona: akishapakua, yeye mwenyewe anakwangua chini ya sufuria tu. Kama zile mbaya ni za nyumbani, basi mbaya kuliko zote ni zake. Nilikuwa nimeanza kumchukia kidogo, jambo ambalo siwezi kuliandika mara mbili. Limekwisha.

28 Oktoba

Nimesema daktari anataka mwezi mzima bila karanga. Mama amesema huyo daktari hana mama.

5 Novemba

Wiki iliyopita tumbo la Yaya lilijaa hata akashindwa kupumua. Mvua ilikuwa imefunga njia yetu yote, hakuna pikipiki iliyokubali kuingia. Sébastien alivua viatu, akakunja suruali, akambeba Yaya mgongoni hadi barabara kubwa, akiteleza, akiomba samahani kila hatua. Hospitalini walimtoa maji, ndoo na zaidi. Sébastien alikaa naye mpaka mwisho akimsimulia mechi za mpira za mwaka ambao sisi hatukuwa tumezaliwa.

Tangu hapo anakuja kila jioni kumwogesha. Hakuna aliyemwomba. Kopo la kijani hajalitaja tena. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hata kama anauza vidonge. Nilimdharau mtu bure.

8 Novemba

Yaya hali tena. Chai, vijiko vitatu vinne. Mama anakaa na sahani mbele yake mpaka chakula kinapoa, anakipasha moto, anakaa tena.

11 Novemba, Jumatatu

Leo Yaya alimwita Mama kwa sauti ya zamani, ile ya kijana anayerudi kutoka shambani.

"Mama! Nataka sombe ya karanga. Ile yako."

Mama aliinuka kama msichana. Sijamwona akiinuka hivyo tangu baba yetu akiwa hai. Nikamfuata Yaya mkekani.

"Yaya. Unajua."

"Ninajua. Itanifanya nini tena, Domi? Iniue mara mbili?" Akapumua. "Ana mwezi nzima anapika, miye ninakataa. Anazani ni chakula yake imekuwa mubaya. Toka na ile sura."

Sura yangu ikatoka. Kinu kikaanza. Mama alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, anaukosea maneno kama kawaida yake.

Alikula. Hakukubali kulishwa. Tonge, mapumziko, tonge. Makaa yalizimika jikoni na yeye bado anakula, na Mama ameketi mbele yake, mikono mapajani, anaangalia kila tonge linavyoshuka. Mwisho akapangusa sahani kwa kidole, akakilamba kidole, akasema, "Mama, weye ni fundi." Mama alichukua ile sahani safi akatoka nayo uani kuwaonyesha wasichana, kuwaonyesha majirani, kumwonyesha Mama Clémence.

Wakati yuko uani Yaya alitapika yote. Sébastien alikuwepo. Alilichukua beseni, akalifunika kwa koti lake, akapita mbele ya Mama akimpa pongezi za mapishi.

14 Novemba

Mvua.

17 Novemba, Jumapili

Yaya amefariki leo asubuhi. Mama alikuwa amemshika miguu, mimi kichwa. Sina cha kuandika.

25 Novemba

Tumemzika hapa Bunia, barabara ya Mahagi haipitiki kwa maiti. Wachimbaji wenzake walikuja kutoka Mongbwalu, Wakristo na Waislamu, wakasimama upande mmoja na kofia mikononi. Mvua ilinyesha kwa adabu, kidogo kidogo. Ndugu wameleta unga, mafuta, magunia mawili ya karanga.

Baada ya matanga Baba mdogo Gérard alikohoa, akatoa neno la ukoo. Mama hawezi kurudi kwenye nyumba tupu. Joëlle na Vanessa watakwenda naye Mahagi, watasoma kule, watamchotea maji, watakuwa damu ya Anaclet ndani ya nyumba yake. Watu wote walisema ni vizuri. Na ni vizuri kweli. Ningekuwa mgeni ningesema hivyo mwenyewe.

Mama aliponitazama nilimwona jinsi anavyoomba bila kuomba. Nikasema ndiyo. Watasafiri shule zikifungwa, Desemba.

Basi hapa nilipo. Nikitimiza ahadi ya marehemu, wasichana watakula upande wa kushoto wa ungo kila siku ya Mungu hadi watakapoolewa. Nikiivunja, nitamwambia mwanamke aliyemzika mwanawe wiki iliyopita kwamba alimlisha sumu kwa mkono wake mwenyewe.

2 Desemba

Mitihani. Nasahihisha. Mwanafunzi mmoja ameandika kwamba ini "linasamehe". Nimempa alama nusu.

6 Desemba

Mvua imeanza kukatika. Vumbi la kwanza.

9 Desemba

Mara tatu nimefungua mdomo mbele ya Mama, mara tatu nimeuliza habari ya chumvi.

12 Desemba

Joëlle alinifuata kisimani. "Tantine, ile debe ulimwanga mu choo. Kesho yake mulipotoka Nyankunde."

"Ndiyo."

"Kwa Koko, ku Mahagi, tutakula ile?"

Nikachota maji. Alinisaidia kuinua ndoo. Siri hii anaiweka, kama anavyoweka mengine yote, lakini hii ataiweka mpaka lini?

18 Desemba

Basi linaondoka keshokutwa. Sébastien amewaletea wasichana madaftari ya safari. Nilimweleza yote, yeye wa kwanza. Nilidhani atatabasamu. Alichezea ufunguo wake, kisha akasema, "Madame, Yaya alificha ile juu ya kulinda mama yake. Nani anaficha juu ya kulinda batoto yake?" Sikupenda swali lake. Ni swali zuri.

19 Desemba, Alhamisi

Jua tangu asubuhi. Udongo wa uani umekauka kabisa, ungeweza kuanika chochote.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka na gunia la mwisho la matanga, anachambua. Zile nzuri zilikuwa za kupeleka soko kuu la hapa mjini. Zile mbaya za kutwanga, chakula cha njiani. Wasichana walikuwa wanakunja nguo ndani. Nilikaa chini karibu naye, nikanyoosha miguu kama yeye, nikaanza kuchambua upande wa pili wa ungo. Tulifanya kazi kitambo. Vidole vyangu havijasahau.

"Mama," nikasema, "hizi za kushoto zinaharibu ini."

Vidole vyake viliendelea.

"Docteur wa Nyankunde alisema. Ile kintu ya kijani ni sumu. Moto haiiue. Mutu akiikula miaka mingi, ini inachoka."

Vidole vikasimama. "Anaclet alikula hizi."

"Ndiyo, Mama."

"Tangu mutoto."

"Ndiyo. Lakini alikuwa pia na virusi mu damu. Hatujui viliingia namna gani. Bila virusi, pengine angepona. Hakuna mutu alijua. Miye ninafundisha ile kintu mu darasa na sikuwaza ya nyumbani. Hakuna mutu alikuambia."

Mama hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa laana, kwa majirani kuja mbio. Alichukua karanga moja ya kushoto, akaisugua kati ya vidole, vumbi likabaki kwenye ngozi. Akaitazama kwa muda mrefu kama anayeona kitu kile kwa mara ya kwanza. Nilitaka kumshika mkono nikaogopa.

"Njo maana ulikuwa unakataa kula."

"Njo maana."

"Na minyoo ya batoto?"

"Hakukuwa minyoo, Mama. Nilidanganya."

Akatikisa kichwa kidogo. Nilidhani imekwisha. Kisha akauliza bila kunitazama, "Yeye alijua?"

"Docteur alituambia siye wawili. Yaya alikataza nikuambie."

"Na siku ile aliomba sombe?"

Hapo ningeweza kusema hapana. Nilimfikiria Yaya na beseni lake. Lakini nimechoka kumdanganya huyu mama, na Yaya naye, nadhani, angechoka.

"Alijua, Mama."

Kuku mmoja alisogea kwenye ungo, hakuna aliyemfukuza. Mama alikuwa anatazama mlango wa chumba alicholala Yaya.

"Na alimaliza," akasema. "Alipangusa sahani."

"Alipangusa."

Ndipo akalia, taratibu, mdomo umefungwa, akiwa bado ameshika ungo usimwagike. Nami nililia. Vanessa alitoka ndani akatuona, akarudi.

Baadaye Mama alijifuta kwa ncha ya kitenge. Alikusanya upande wote wa kushoto, akahakikisha kwa mkono kwamba hakuna iliyobaki, akabeba ungo hadi chooni, akamwaga. Ndiye yule yule aliyekuwa akisema chakula hakitupwi. Aliporudi alivuta kinu karibu na mkeka, akaanza kujaza humo zile za kulia, nyeupe, nzima, zile za soko.

"Mama, zile ni za kuuza," nikasema.

"Nyamaza. Leta muchi."

Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona Mama akitwanga zile nzuri. Joëlle alisimama mlangoni na nguo mikononi, anatazama tu. Sombe ilipoiva Mama alipakua, na hakuanza na wageni wala watoto. Sahani ya kwanza alinipa mimi.

Nimekula. Nimepangusa sahani.